Kibaba cha Ng'ombe

Kwetu Bayanhongor mifugo haiitwi vichwa.
Tunasema midomo mitano:
farasi, ng'ombe, ngamia, kondoo, mbuzi.
Nilitamka hivyo miaka thelathini
kama mtu atamkavyo jina la mtaa wake,
bila kuuliza.

Baba yangu Choidog aliipima kwa vidole.
Ng'ombe, vidole vinne vilivyolazwa.
Farasi, vitatu na ushee.
Kondoo viwili, mbuzi kimoja na nusu.
Ngamia alikataa kupimwa,
akamtemea baba kofia nzima ya mate ya kijani.

Kiangazi kile mvua ilitupita kwa mbali
kama mgeni aliyekosea hema.
Nyasi zikasimama urefu wa ukucha.
Niliketi juu ya ndoo, nikamtazama ng'ombe mwekundu.

Ng'ombe halumi, ninyi.
Hutoa ulimi, akauzungusha kwenye fungu la nyasi,
akavuta, kama avutaye kamba ya kisima.
Sasa hapakuwa na cha kuzungushia.
Ulimi ulitoka, ulirudi na vumbi.
Nilihesabu: mavuto sitini kwa dakika,
kila tonge jepesi kuliko unyoya,
na jua likazama akiwa bado anavuta.
Haba na haba hujaza kibaba,
lakini si kibaba cha ng'ombe.

Pembeni yake kondoo, mdomo wa juu umepasuka katikati,
alikuwa akinyoa ardhi ileile
taratibu, karibu na udongo,
jani analichukua, bua analiacha,
na mkia wake ulinona.

Baba alisema: tumbo kubwa si ulafi.
Ni chungu kikubwa kinachochemka polepole,
hukubali makapi, mabua, nyasi za mwaka juzi,
almradi ziwe nyingi.
Kondoo ana chungu kidogo na moto mkali.
Hana muda wa kupika miti.
Kila mmoja ana njaa yake, alisema,
na njaa hazibadilishani viatu.

Kaka yangu Gantumur hakumsikiliza.
Alikuwa akipiga hesabu ya manyoya ya mbuzi,
kilo kwa bei, bei kwa pikipiki.
"Mbuzi hafi," alisema. "Mdomo wake ni kibanio."
"Ndiyo," baba akajibu, "na atang'oa hadi mzizi.
Mwachie uwanda, atakurudishia kiwanja cha ndege."

Kisha theluji, na juu ya theluji, barafu.
Farasi walitangulia, wakachimba kwa kwato,
kondoo wakafuata nyuma, wakiokota mashimoni.
Ng'ombe hajui kuchimba.
Nyasi kavu tulizonunua ziliisha kabla ya mwezi wa pili.
Tulimkuta asubuhi, amepiga magoti,
ulimi nje, umeganda,
umekunjika kushika kitu kisichokuwapo.
Baba alivua glavu, akaweka vidole vinne mdomoni pake.
Sijui alikuwa akipima nini.

Karani alikuja na daftari.
"Midomo mingapi imepotea?"
Mama, mwenye meno matatu,
alikuwa akilowesha jibini kavu kwenye chai.
Alisema kumi na tisa, bila kuinua macho.

Ndipo nikamwona baba.
Mtu wa mabega mapana kama mlango,
sasa mshipi ulimzunguka mara moja na nusu.
Wote tulikuwa tumekonda kidogo.
Yeye alikuwa amekonda sana.
Majira yote yale nilipakua mimi,
kwa haki, kijiko kwa kijiko,
mtoto, mama, kaka, baba,
bakuli sawasawa.
Nilijivunia usawa ule.

Masika Gantumur alinunua mbuzi arobaini.
Sikumlaumu; hata mimi nilisaidia kuwashusha lorini.
Kisha nikaenda dukani, nikazunguka rafu mara mbili,
nikanunua bakuli moja tu,
kubwa.